Alama ya Kofia Ndefu

Gurudumu lililopasuka lilitundikwa langoni, juu ya msumari ambao baba wa tajiri wetu, mwenye kiwanda, aliupigilia zamani kwa ajili ya masinia mabovu. Walilitundika mgongo nje, ili kila apitaye aione alama ya aliyelitengeneza. Alama yenyewe ilikuwa kijiko. Na Bilston nzima, mji wetu wa viwanda huko Uingereza, kuanzia wachimba makaa hadi watoto wanaokojoa vitandani, ilijua kijiko ni cha nani.

Kilikuwa cha Hephzibah Tromans.

Ninaandika haya kwa sababu nimesoma, katika gazeti la wenye magari, kwamba gurudumu la bamba la chuma lilizaliwa mjini kwetu kutokana na "fikra za tajiri mmoja mwenye kuona mbali." Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikakasirika, na hasira yangu si mgeni wa kulala siku moja akaondoka. Nilikuwapo. Mashine yangu ya kubonyezea bamba ilikuwa jirani na ya Hephzibah, na tajiri mwenye kuona mbali nilimwona kwa karibu kuliko nilivyotaka.

Kiwanda cha Josiah Bratchley kilikuwa cha masinia. Masinia meusi ya bati, yenye maua ya kuchorwa na kung'arishwa mpaka unaona meno yako ndani yake. Watu walipochoka nayo, tajiri akatazama barabarani akaona magari. Magurudumu ya magari yale yalikuwa ama ya mti, yanayolia kiangazi na kuoza masika, ama ya nyaya kama ya baiskeli, ambayo lazima kila waya upitishiwe kitambaa. Wenye magari hawapendi kazi hiyo, na vijakazi wao walishaanza kuikataa. Basi kwa nini lisiwe bamba moja zima, laini kama sinia, unalipangusa mara moja ukaenda zako?

Wazo hilo ni la nani sijui, na sitamnyima mtu haki yake. Lakini umbo la kwanza alilichora Bwana Lemuel Fereday, mchoraji wa kiwanda, mtu mwembamba aliyeimba sauti ya chini kanisani na kumwogopa mkewe. Alilichora limebonyea kama bakuli, na pale bamba linapokutana na kitovu cha gurudumu akaweka mpindo mpana, wa taratibu, bila kona.

Sisi hatukuhitaji kuambiwa sababu. Chukua kifuniko cha debe, kibonyeze katikati kwa kidole gumba. To! kimeingia. Achia. To! kimetoka. Endelea hivyo asubuhi nzima uone kama hakitapasuka palepale kinapojikunja. Gurudumu bapa ni kifuniko cha debe kilichobebeshwa gari, na kila kona ya barabara ni kidole gumba. Bakuli je? Bakuli hulibonyezi hivyo. Umbo lake lenyewe linakataa.

Tajiri Bratchley alikuja ofisi ya mchoraji na kofia yake ndefu kichwani. Kofia ile hakuivua kiwandani hata mara moja, na wasichana walikuwa wakisema huoga nayo. Ukuta kati ya ofisi ile na mashine zetu ulikuwa wa mbao, tena mbao za tajiri bahili, kwa hiyo tulisikia yote.

"Hili ni nini, Fereday? Bakuli la uji?"

"Ni kwa ajili ya nguvu, Bwana Mkubwa. Likiwa limebonyea..."

"Mimi ninauza uso wa gurudumu. Watu wenye hadhi watataka nembo zao zichorwe hapa. Umeshamwona simba amechorwa ndani ya bakuli?"

"La, Bwana Mkubwa."

"Basi nyoosha. Liwe bapa, likate kona safi hapa katikati. Sinia! Sisi ni watu wa masinia."

"Lakini hapo kwenye kona, Bwana Mkubwa, chuma kitachoka..."

"Wewe ndiye utachoka. Nyoosha."

Bwana Fereday akanyoosha. Kupitia mbao tulimsikia akiufuta mpindo wake kwa mpira.

Kalibu za chuma za kubonyezea umbo zikakatwa, magurudumu bapa yakatoka, na la kwanza kwenda barabarani lilitoka mikononi mwa Hephzibah kwa kuwa ndiye aliyekuwa fundi kuliko sisi sote. Wakalifunga kwenye gari, dereva akashuka nalo kilima cha Sedgley. Kwenye kona ya chini bamba likachanika kuzunguka kitovu kama vile limekatwa na mkasi. Dereva alivunjika mfupa wa bega. Tajiri hakuwemo garini. Tajiri alikuwa juu kilimani, na saa yake mkononi.

Aliporudi hakumtazama mchoraji. Aligeuza kile kipande, akaona kijiko, akaja moja kwa moja kwenye mashine.

"Tromans! Hii ndiyo kazi ya mikono yako?"

"Mikono ni yangu," Hephzibah akasema. "Umbo si langu."

"Kijiko ni cha nani?"

"Changu."

"Basi tumemaliza."

Hapa sharti niieleze desturi ile, maana ndiyo iliyomfunga Hephzibah, na baadaye ndiyo tuliyomfungia tajiri. Kila mtu wa kiwanda kile alikuwa na muhuri wake mdogo wa chuma, wenye picha, kwa kuwa zamani wengi wetu hatukujua kusoma. Mimi nilikuwa na mkasi. Kulikuwa na nanga, ufunguo, kuku. Ukimaliza sinia unaligeuza unagonga alama yako. Juu ya boriti kubwa baba yake tajiri alikuwa ameandikisha kwa rangi nyeupe: ATOAYE UMBO NA ATIE ALAMA, ATIAYE ALAMA NA AJIBU. Na chini yake: ALAMA YA MWENZIO USIIFUTE. Sinia likirudishwa na mteja hutundikwa msumarini, nawe unalinyoosha kwa nyundo wakati wenzako wanakula. Likinyooka linashushwa, unawanunulia bia, mnacheka, basi.

Lakini bamba lililochanika nani atalinyoosha? Lile lingebaki pale juu. Na matajiri wa Bilston, wanaogombana kuhusu kila kitu, walikuwa na heshima moja kati yao: mwenye kazi yake kwenye msumari wa mmoja hapewi kazi na mwingine.

"Utamalizia magurudumu ya Bwana Lovekin," tajiri alimwambia, "kisha uchukue shali yako. Na hilo litabaki langoni. Bwana Lovekin akija kutoka kiwanda chake cha magari huko Coventry nataka aone kwamba kwangu mkono mbovu unajulikana kwa jina."

Fikiria. Alimhitaji kwa kuwa ni fundi, na alimfukuza kwa kuwa si fundi, katika pumzi moja, na hakuona tatizo lolote. Nimewasikia wengi wakizungumza hivyo tangu siku ile, na wengine ni wabunge.

Hephzibah alikuwa na mume, Amos, ambaye mapafu yake yaliliwa na vumbi la tanuri, na wasichana wawili. Nyumba yote ilikula kutoka kwenye ile mashine. Jioni alipopita uchochoroni watoto walimpigia sufuria: "Kijiko! Kijiko! Mama Kijiko kavunja gari!" Mwenye duka aliyekuwa akimwita "mama" akaanza kumwita "wewe."

Mapumziko ya mchana tuliketi juu ya magunia na mikebe yetu ya chai. Nilikuwa na njegere na nyama ya nguruwe.

"Kula, Eppie," nikamwambia Hephzibah, kwa jina tulilomfupishia.

"Nimeshiba maneno."

"Maneno ya nani? Ya tajiri? Hayo hayana mafuta."

Hakucheka. Alisimama akajipangusa mikono kwenye aproni, akaenda kwa mchoraji. Tulimfuata, wanawake wote wa mashine, na ofisi ile ya mbao ikajaa mpaka Bwana Fereday akarudi nyuma kwenye dirisha.

"Mama Tromans. Akina mama. Kuna nini?"

"Wewe unajua kuna nini," Hephzibah akasema. "Nani alisema linyooshwe?"

"Mimi ni mtu wa kuagizwa."

"Hatujakuuliza wewe ni mtu wa nini, baba. Tumeuliza nani alisema."

"Bwana Mkubwa."

"Sawa. Bwana Lovekin akija, utamwambia hivyo hivyo?"

Mchoraji akatazama viatu vyake. "Nina watoto wanne, Hephzibah."

"Wangu wamekuwa vifaranga?"

"Naelewa uchungu wako..."

"Uchungu wangu uache, una mwenyewe. Nataka mdomo wako."

Hakuutoa. Alianza kueleza jinsi mtu anavyoweza kutengeneza mambo polepole, kwa hekima, wakati ukifika. Wengi wa aina hiyo nimewasikia pia. Wakati wao haufiki.

Tulipotoka, Hephzibah alisimama chini ya boriti akainua uso.

"Dorcas," akaniita, "nisomee neno la kwanza pale."

"Atoaye umbo."

"Si abonyezaye?"

"La. Atoaye umbo."

"Na zamani, aliyegonga sinia kwa nyundo ndiye aliyelitoa umbo."

"Ndiyo."

"Na sasa?"

Nikatazama mashine yangu: sasa umbo lilitoka kinywani mwa tajiri, sisi tulibonyeza tu. Mwenye alama ya kuku, msichana mmoja mnene wa Coseley, mji wa jirani, akaanza kucheka peke yake kama mwehu.

Tulikwenda kwa mzee Noah Skidmore, mkataji kalibu na mihuri, mtu aliyekuwa na adabu ya punda na vidole vya malaika.

"Mnataka nini, makuku?"

"Muhuri mpya, Mzee Noah," Hephzibah akasema.

"Kijiko kimekuchosha? Nikukatie uma?"

"Si wangu. Kuna mfanyakazi hana alama."

"Nani huyo?"

"Anavaa kofia ndefu."

Mzee Noah aliweka tupa chini. Alikuwa amefanya kazi na baba yake tajiri, na alimkumbuka mwana tangu akiwa mtoto wa kuburuta farasi wa mti. Alitema mate pembeni.

"Ataning'oa kazini kesho yake," akasema.

"Huenda."

"Nina miaka mingi hapa."

"Twajua, baba."

"Kofia yenyewe iwe na utepe au isiwe na utepe?"

"Iwe nao."

Alikata muhuri ule mchana huohuo, mbele ya msimamizi aliyedhani ni kazi ya kawaida, na nakwambia hakuna siku mzee yule alikata kitu kizuri zaidi. Ilikuwa kofia ndogo ya kutosha ukucha wa kidole, imeinama kidogo upande kama tajiri alivyoiinamisha, na utepe wake.

Tangu hapo kila gurudumu bapa lililotoka kwenye mashine zetu liligongwa kofia mgongoni. Hakuna mkasi, hakuna nanga, hakuna kuku. Kofia, kofia, kofia. Tuliyapanga uso mbele, yakapakwa rangi, mengine yakachorwa simba kwa ajili ya maonyesho. Kumbuka hatukuharibu hata moja. Tuliyabonyeza kwa uangalifu kuliko kawaida, tukayasafisha kingo. Tulitaka kosa libaki moja tu, la mwenyewe, lisichanganyike na la mtu mwingine.

Bwana Lovekin akaja. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye mafuta ya gari kwenye kucha zake, na jambo hilo lilinipa matumaini kidogo. Tajiri alimsimamisha langoni kwanza.

"Hili ndilo ulilosikia habari zake," akamwambia, akinyoosha fimbo juu. "Mkono mbovu. Alama ile pale. Mwenyewe tumeshamshughulikia."

Kisha akamleta ndani. Bwana Lovekin alichukua gurudumu moja, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akaliweka wima sakafuni, akaliegemea kwa goti upande. To. Akaachia. To. Akaligeuza.

"Hii kofia ni ya nani?"

"Kofia gani?"

"Hii. Umeniambia kila mtu ana alama yake. Kofia ni nani?"

Tajiri akainama kutazama, na alipoinama kofia yake ikawa karibu kugusa ile nyingine. Mashine zilikuwa zimezimwa kwa heshima ya mgeni. Hatukuonyesha kidole, hatukusema. Tuliitazama kofia yake tu, sote, na Bwana Lovekin akafuata macho yetu mpaka yalipofika.

Akaanza kucheka, kisha akaona kwamba hakuna anayecheka.

Tajiri alipandwa na damu mpaka masikioni. Akachukua gurudumu jingine, akaligeuza. Kofia. Jingine. Kofia. Lenye simba. Kofia.

"Nani kafanya upuuzi huu?"

"Mimi," Hephzibah akasema.

"Na mimi," nikasema.

"Na mimi," akasema msichana wa Coseley, na baada yake sauti zikawa nyingi mno kuzitenganisha.

"Futeni! Leteni tupa, futeni yote sasa hivi!"

"Hatuwezi, Bwana Mkubwa," Hephzibah akasema. "Alama ya mwenzio usiifute. Marehemu baba yako kaandika."

"Mimi si mwenzio!"

"Hilo twalijua. Lakini umbo ni lako. Ulisema liwe bapa. Ulisema likate kona. Ukuta huu ni mbao, Bwana Mkubwa, na sisi si viziwi, ingawa umejitahidi na hizi mashine."

Bwana Lovekin akamgeukia mchoraji, aliyekuwa amesimama mlangoni pa ofisi yake na penseli sikioni.

"Ni kweli?"

Bwana Fereday alifungua mdomo. Akaufunga. Kisha akatikisa kichwa juu chini, mara moja. Ndiyo hiyo tu. Kuna watu ambao ujasiri wao wa maisha yote unaenea katika shingo, na siku ile wake ulitosha.

"Vizuri," Bwana Lovekin akasema, akimrudia tajiri. "Gari langu liko nje. Tufunge haya manne yenye kofia, mimi niendeshe, wewe uketi kando yangu, tushuke kilima cha Sedgley. Tukifika chini nayanunua yote."

Tajiri alitazama magurudumu. Alitazama lango, lile lililochanika likining'inia. Alisema ana miadi na mtu wa benki.

"Hata mimi nisingepanda," Bwana Lovekin akasema, akavaa glavu zake. "Nitengenezee lenye tumbo, kama bakuli. Nitasubiri mpaka mwisho wa kiangazi, baada ya hapo nitakwenda kwingine." Akaondoka.

Msidhani alikuwa rafiki yetu. Alitaka magurudumu yasiyompasukia, kama mtu anavyotaka farasi asiyeteguka, na kuhusu Hephzibah hakuuliza lolote.

Nyuma yake tajiri alitutimua sote, akafunga lango kwa mnyororo. Tukakaa nje. Wiki zile zilikuwa mbaya, sitazipamba. Amos Tromans alikohoa damu na hapakuwa na makaa ya kumchemshia maji. Kanisa lilitoa njegere, wachimba makaa walitoa mkate, na mwenye duka hakutoa kitu. Mzee Noah alikuja kila siku na kiti chake, akaketi mbele ya lango, akawa anachonga vipande vya mti na kuwatukana wapita njia waliotutazama vibaya.

Tajiri alimtuma karani. Wote warudi isipokuwa Tromans.

"Mwambie hapana," tukasema.

Karani akarudi. Wote warudi, na Tromans apewe kazi ya kufunga masanduku.

"Mwambie mimi sifungi masanduku," Hephzibah akasema. "Mimi nabonyeza magurudumu. Na mwambie aliyetundika lile ndiye atakayelishusha. Si karani, si mlinzi."

"Dada, hawezi kukubali hilo," karani akasema, kijana mpole wa watu.

"Basi na alibusu kila asubuhi akipita."

Kiangazi kilikuwa kinakwisha, na muda wa Bwana Lovekin pamoja nacho. Tuliona moshi wa matanuri ya wengine na tukajua kwamba tajiri anauona pia. Siku moja ya Ijumaa lango lilifunguliwa, na tajiri akatoka na ngazi, yeye mwenyewe, ameibeba vibaya kama mtu ambaye hajawahi kubeba kitu. Aliivua kofia ili aweze kupanda. Nywele zake zilikuwa chache, za kunata. Alilishusha gurudumu, akaliweka miguuni pa Hephzibah, akasema bila kumtazama:

"Kalibu za lile lenye tumbo ziko tayari. Fereday amezichora, zimekatwa kwingine. Mashine yako ni ileile. Mtaanza Jumatatu, saa ya kawaida."

Tulikuwa tumeshinda, na tungeweza kusema asante. Niliona midomo ya baadhi yetu ikianza kulitengeneza neno hilo, maana njaa hufundisha adabu za ajabu.

"Jumatatu hatuji," Hephzibah akasema.

"Nini?"

Enzi za mama zetu, watu wa Bilston hawakufanya kazi Jumatatu. Walijaza kazi ya wiki katika siku nyingine, na Jumatatu ilikuwa yao: ya kufua, kurusha njiwa, kunywa, kulala. Ni yeye, Josiah Bratchley, aliyeiua kwa faini baba yake alipofariki, na hakuna aliyethubutu kuitaja tangu hapo.

"Jumatatu ni yetu," Hephzibah akasema. "Tutakuja Jumanne."

"Tanuri litakuwa limewashwa! Nitakuwa nimelipia makaa!"

"Basi ota moto, Bwana Mkubwa."

Na Jumatatu aliiwasha mitambo kweli, kwa ukaidi. Nilikuwa nimelala chali kwenye nyasi kando ya mfereji, viatu nimevua, msichana wa Coseley akinywa bia kwenye chupa na Hephzibah akiwasuka nywele binti zake mmoja baada ya mwingine. Kutoka ng'ambo tulisikia mikanda ikizunguka na mashine zote zikipanda na kushuka, dum, dum, zikibonyeza hewa tupu kutwa nzima.